Niliomba Dunia Iishe Kabla ya Jumamosi

Jumanne, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu mwaka wa 2025, jua likiwa bado chini ya paa za soko la Kianjai, nilimpeana binti yangu mbele ya kamera mbili na wazee wanne. Mimi sikujua. Wakubwa walijua, lakini mkubwa akijua kitu hakuambii.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujanisoma, nakurudisha nyuma kidogo tu. Jina langu ni Kithaka, mgane. Mke wangu Nelius alifia hospitali fulani stima ikiwa imepotea, na mwenye ufunguo wa jenereta alikuwa ameenda harusi. Nimebaki na binti mmoja, Igoki, anayeuza dawa za mifugo huko Siakago. Kila Jumapili jioni hunipigia simu kuniuliza nimekula nini. Hiyo simu ndiyo kalenda yangu.

Basi watu wa runinga wakaja kupiga mchezo wa mwisho wa dunia. Wakachagua boma langu, kwa sababu dairekta alisema linaonekana kama mwisho ulishapita hapo. Chifu akatangaza kwenye baraza kwamba anayekataa kamera anakataa maendeleo. Mwigizaji aliyetoka Nairobi kuwa baba wa boma akapigwa teke na punda wa Kiunga, jirani yangu, na mimi nikawekwa mahali pake.

Hapo ndipo nilipoachia. Sasa vuta kiti.

Katika mchezo huo, jiwe kubwa linashuka kutoka mbinguni na litagonga dunia siku ya Alhamisi. Watu wa boma moja wanangoja. Wanalia, wanapatana, wanagombana juu ya ng'ombe. Jiwe lenyewe halionekani hata mara moja.

Nilimuuliza dairekta, msichana anayeitwa Linda, anayevaa kofia ya sufu hata kwa jua.

"Jiwe liko wapi?"

"Mzee, hii si hadithi ya jiwe. Ni hadithi ya watu. Jiwe tunaliona kwa nyuso zenu."

"Kwa hivyo mlikosa jiwe."

"Tulikosa bajeti ya jiwe," akasema. Angalau hapo hakudanganya.

Jumanne ile tulikuwa tunapiga mambo ya posa. Binti wa boma ana mchumba, dunia inaisha, na watu wa kijana wanakuja kumwomba ili asife bila kuolewa. Sasa, kwetu Meru huendi kuomba msichana na mikono mitupu. Unapeleka ncoolo, kibunda cha miraa safi kilichofungwa kwa jani la mgomba. Baba wa msichana akikipokea na kutafuna mbele ya wazee, maneno yameisha. Hata mtoto wa nasari anajua hivyo.

Linda hakujua. Alizaliwa Nairobi. Alikuwa amenunua miraa Maua siku mbili kabla, ikalala kwa buti ya gari, ikalegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Kiunga, ambaye alikuwa amepewa kuwa baba wa kijana, aliigeuza mkononi akacheka.

"Na hii hata punda wangu hawezi kuposewa nayo."

"Sasa tufanye nini, mzee?" Linda akauliza. "Mimi nataka ukweli. Kila kitu kiwe kweli."

"Unataka ukweli?"

"Kabisa."

Kiunga akavuka ua. Tumepakana naye, ua mmoja tu katikati. Ana miti ya miraa iliyopandwa na babu yake, na ana kijana wake wa mwisho, Stephen, ambaye amepita arobaini na hajaoa. Stephen hana maneno mengi. Aliyonayo huwapa punda. Kiunga akapanda mti kwa magoti yake mwenyewe, akachuma, akafunga ncoolo kwa mikono yake, akarudi nayo inang'aa umande.

Na kwa sababu ya huo ukweli wake, Linda akaita wazee wa kweli kutoka sokoni, mbele yao Njura, ambaye hukata kesi zote za mipaka hapa kwetu. Hawakuambiwa waigize. Waliambiwa wakae tu kama kawaida. Wakakaa kama kawaida. Hilo ndilo kosa, na si mimi niliyelifanya.

Karatasi ya maneno yangu sikuisoma. Niliacha shule darasa la tatu, na walioiacha ikose mwalimu wako wazima, wanapokea pensheni. Linda alinisomea. Nilipaswa kusema, "Nimepokea. Mtoto wangu Ann ni wenu." Ann ndiye yule mwigizaji wa kike, kucha ndefu kama za mwewe.

Kamera ikawaka. Kiunga akanipa ncoolo kwa mikono miwili. Nilipofungua lile jani, harufu ikanipanda, nikakumbuka siku baba yake Nelius alipofungua ya kwangu. Nikatafuna. Nikameza mate.

"Nimepokea," nikasema. "Mtoto wangu Igoki ni wenu."

 Njura akakubali kwa kichwa, polepole.

"Yamesikika."

"Yamesikika," wale wengine wakaitikia.

"Kata," akasema Linda, na macho yake yalikuwa na maji.

"Nimekosea jina," nikamwambia. "Turudie."

"Mzee, hiyo imetoka kwa moyo. Haiguswi. Kuanzia leo huyu msichana kwa mchezo anaitwa Igoki."

"Lakini Igoki ni mtu."

"Ndiyo maana imekuwa nzuri."

Yeye ndiye mkubwa. Mimi ni nani?

Hawa watu wa runinga hupika na kupakua papo hapo kama mwenye kibanda cha chapati. Iliyopigwa Jumanne, Jumapili ilikuwa hewani. Jumapili hiyo simu yangu haikulia. Nikalala nikidhani ni mtandao.

Jumatatu asubuhi nikatoka nje, nikamkuta Stephen anatengeneza ua wangu.

"Unafanya nini hapo?"

"Natengeneza, baba."

"Baba ya nani?"

Akaangalia chini, akapigilia msumari. Kiunga akatokea nyuma yake amevaa koti la kwenda kanisa, na ilikuwa Jumatatu.

"Mkwe, umeamkaje?"

"Kiunga, ile ilikuwa mchezo."

"Mchezo ni wa Linda. Miraa ilikuwa yangu. Ulitafuna?"

"Nilitafuna."

"Ulitema?"

Nikaangalia msumari wa Stephen.

"Na ni nani alikutajia Igoki? Karatasi ilisema Ann, mimi nilisikia ikisomwa. Ni mimi nilikuambia useme Igoki?"

"Kijana wa kuoa kwa mchezo alikuwa yule mwigizaji wa Nairobi, mwenye shanga."

"Yule alipanda mti gani? Ncoolo ikitoka nyumba yangu, msichana anakuja nyumba yangu. Na nyumba yangu imebaki na mmoja hajaoa."

Sote wawili tukamwangalia huyo mmoja. Alikuwa amejigonga kidole kwa nyundo na alikuwa anakinyonya.

Mchana huo simu ikalia. Igoki hanipigii Jumatatu.

"Baba, nimekuona kwa tivi."

"Nilionekana aje?"

"Ulionekana ukinipeana."

Nikahamishia simu sikio la pili. 

"Nilikuwa bucha ya kina Idrisi," akaendelea. "Wateja walikuwa wamejaa. Mwenye kukata nyama aliacha panga hewani. Idrisi akaniuliza, mzee wako ana mabinti wangapi wa jina hilo."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia tuko mmoja. Baba, Idrisi anakuja nyumbani Jumamosi kuniomba. Ulijua. Nilikuambia ile Jumapili kabla hujapiga hiyo picha yako, ukasema sawa."

"Nilisema sawa."

"Ulisema sawa halafu ukasema simu inaisha moto."

"Ilikuwa inaisha moto."

"Rekebisha hiyo maneno kabla ya Jumamosi. Ukishindwa, Jumapili usingoje simu. Hiyo na zingine zote."

Akakata. Nikabaki nimeshika kile kisimu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Sina ubaya na Idrisi. Dini ya mtu ni yake na Mungu wake. Ila Siakago ni mbali. Hilo tu. Si mimi niliyeiweka huko.

Nikaenda kumtafuta Njura nyuma ya posho mili. Alinisikiliza mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti.

"Ncoolo hurudishwa kama ilivyotolewa," akasema. "Wewe umeshatafuna."

"Nilikuwa naigiza, mzee."

"Meno yalikuwa ya kuigiza?"

"Hapana."

"Koo?"

"Hapana, lakini wale watu wa runinga ndio walisema..."

"Wewe Kithaka, kila kesi unakuja na watu ambao hawako hapa." Akafikiri kidogo. "Lakini ngoja. Neno ulilitoa katika ile dunia ya tivi. Ile dunia wamesema inaisha lini?"

"Alhamisi."

"Basi. Dunia ikiisha, hakuna posa, hakuna ncoolo, hakuna Kiunga. Hata kesi ya ng'ombe huisha, ng'ombe na wenyewe wakifa. Ngoja Alhamisi."

Jamani, sijawahi kusikia sheria tamu kama hiyo. Nilirudi nyumbani mwepesi. Kanisani kwetu walikuwa na maombi ya katikati ya wiki, watu wakiomba mvua, visa na kazi za watoto. Mimi nilipiga magoti nikaomba lile jiwe lisikawie. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alinisikia, akahamisha kiti.

Alhamisi nikaenda mapema. Nilikuwa nimeoga. Linda alikuwa anacheka na simu yake.

"Mzee, habari njema. Jiwe limeahirishwa."

"Na nani?"

"Na wakubwa wa Nairobi. Watu wamependa ile posa yako vibaya sana. Tumeongezewa. Dunia haitaisha mpaka Desemba."

"Na jiwe lilikuwa linashuka. Limefika wapi?"

"Limejipinda kidogo."

Mnaona? Barabara yetu iliahirishwa. Maji ya bomba yaliahirishwa. Sasa hata kiama, kitu ambacho maskini alikuwa amehakikishiwa, nacho kimeingiliwa na wakubwa.

Nikamweleza Linda yote, Kiunga na Stephen, Igoki na Idrisi. Alinisikiliza vizuri mno. Kuna mtu husikiliza kama anayepima nguo.

"Mzee, dunia siwezi kuimaliza," akasema. "Lakini wewe naweza."

"Mimi?"

"Nikuue Jumamosi. Unalala kwa kitanda, familia yote iko hapo, wazee wako hapo. Unasema, 'Ncoolo ya Kiunga nairudisha. Binti yangu yuko huru.' Halafu unakufa. Nchi yote italia."

Nikakubali. Nani hangekubali? Nikampelekea Njura hiyo habari, naye akasema wazee watakuwepo na watasikia.

"Lakini chunga," akaniambia. "Baba akifa kabla hajafungua neno lake, hilo neno limefungwa. Hakuna mwingine wa kulifungua. Hata sisi."

"Hata akifa kwa kuigiza?"

"Si alitafuna kwa kuigiza?"

Jumamosi ikafika. Wakatoa kitanda changu nje, kile tulichonunua na Nelius, wakakiweka katikati ya boma. Mmoja wao akanipaka jivu usoni. Chifu alikuwa ametoa ruhusa ya kuchoma matairi ili kuwe na moshi wa mwisho wa dunia. Huyo ni chifu aliyemshtaki mama wa watu kwa kuchoma makaa.

Nikalala hapo nikiangalia boma langu. Ua ulikuwa umesimama wima, mara ya kwanza katika miaka. Ng'ombe alikuwa anacheua, tumbo limejaa. Pipa la maji lilikuwa limejaa mpaka juu. Tangu Nelius aende, hakuna mtu mwingine aliyewahi kulijaza lile pipa. Stephen alikuwa huko kwenye ua na nyundo yake, hajaambiwa na mtu aache.

Karibu na saa ya kuanza, pikipiki ikaingia. Igoki akashuka, vumbi mpaka kwa nyusi. Nyuma yake akashuka kijana mrefu, amebeba paja la ng'ombe limefungwa vizuri kwa gunia jeupe. Alitembea moja kwa moja mpaka kitandani.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye Idrisi."

"Marahaba. Utanisamehe kijana, niko karibu kufa."

"Hakuna shida. Nyama niweke wapi?"

Nilimpenda kidogo kwa hilo. Siwezi kuficha.

Igoki hakunisalimia. Alikuwa anamwangalia yule mwigizaji wa kucha ndefu.

"Wewe ndiye mimi?"

"Eeh," yule akasema. "Pole."

Kiunga alikuwa amekaa upande wa wazee na koti lake, mikono juu ya tumbo. Njura akakohoa. Linda akainua mkono, matairi yakawashwa, kamera ikawaka.

Yule Igoki wa mshahara akapiga magoti karibu nami akalia vizuri sana. Mimi nikanyanyua mkono, kama nilivyofundishwa.

"Wazee," nikasema.

"Tunakusikia," akasema Njura.

"Ncoolo ya Kiunga..."

Hapo moshi ukanijia. Nawaapia, ulikuja wote kwa pamoja, mweusi, na upepo ulitoka upande wa chifu. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Macho yakajifunga, kichwa kikarudi kwa mto, na mkono ukaanguka kando ya kitanda.

Nilikuwa nakusanya pumzi tu. Mtu hukusanya pumzi.

Lakini nikamsikia Linda akinong'ona, "Oh, amekufa vizuri. Hakuna mtu aguse kitu. Kamera iendelee."

 Halafu sauti ya Kiunga, pole kama ya mhubiri.

"Wazee mmeona. Amekwenda hajasema."

"Nyamaza kwanza," Njura akasema. "Mpaka yule msichana wa kofia aseme kata, hatujui kama amekufa. Kama bado ana neno, bado ana nafasi."

Wote wakangoja. Mimi nilikuwa nimelala, jivu linaniingia kwa pua. Pumzi ilikuwa imerudi. Ningeweza kusema. Lakini Linda alikuwa amesema hakuna mtu aguse kitu, na yeye ndiye mkubwa.

Kwenye ua nyundo ilikuwa inagonga, polepole. Ko. Ko. Nilijua hata ni nguzo gani. Ile ya kona, ambayo Nelius alinisumbua nayo mpaka akaenda.

Halafu nikasikia viatu. Si vya yule wa mshahara. Hivi vilikuwa raba za mtu aliyetembea kwenye vumbi la Siakago. Vikasimama karibu na kichwa changu. Mtu akakaa ukingoni mwa kitanda, upande aliokuwa akikaa mama yake, na nikasikia harufu ya dawa ya kupe.

"Samahani dada," Linda akanong'ona, "uko ndani ya picha." Halafu, baada ya kidogo, "Muache. Muache hapo."

"Baba," Igoki akasema. Hakuwa analia. Ningependelea alie. "Jumapili nilikuambia kuhusu Idrisi. Jumanne ukasema jina langu. Usinitajie Linda. Usinitajie chifu, wala moshi. Na Ann ni jina rahisi, baba, silabi moja tu, hata kuku anaweza kulishika."

Nyundo ikanyamaza.

Macho yangu yalikuwa yamefungwa, maana nilikuwa maiti.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja, na wazee wasikie," akasema, na mkono wake ukafuta jivu kwa paji la uso wangu, taratibu, jinsi mtu anavyomfuta mtoto. "Ile siku ya ncoolo, ulikuwa unaigiza?"